Kufungua na Kukarabati Kalipa ya Breki za Diski

Gari likianza kuvuta upande mmoja kila unapokanyaga breki, au rimu moja ya mbele ikawa ya moto kuliko mwenzake baada ya safari fupi, jambo la kwanza linalofanyika katika gereji nyingi ni kubadilisha pedi. Pedi hubadilishwa, gari hutulia kwa muda, kisha mvutano hurudi na pedi mpya ya upande ule ule huisha mapema kuliko zote. Ugonjwa haukuwa kwenye pedi. Mara nyingi uko ndani ya kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, katika mfereji mwembamba unaoshika sili ya pistoni, mahali ambapo hapaonekani mpaka pistoni yenyewe itolewe.

Maelezo haya yanahusu kalipa inayoelea yenye pistoni moja, ambayo ndiyo iliyofungwa mbele ya magari mengi madogo ya Toyota yanayotembea Afrika Mashariki, kama vile Probox, Vitz na Corolla. Kalipa za pistoni nyingi, kama za baadhi ya Land Cruiser, hufuata kanuni zile zile ingawa kazi huwa ndefu zaidi. Kalipa za nyuma zilizounganishwa na breki ya mkono ni habari nyingine, kwa sababu aghalabu pistoni zake hurudishwa kwa kuzungushwa na si kwa kusukumwa, na anayezilazimisha kwa klampu huvunja mtambo wa ndani. Magari ya haibridi nayo yana pampu ya umeme ya breki inayoweza kujiwasha hata mlango ukifunguliwa tu. Asiyejua namna ya kuizima kwa utaratibu wa gari husika asiyaguse.

Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni, na pistoni husukuma pedi ya ndani hadi kwenye diski. Kwa kuwa mwili wa kalipa haukufungwa ukakaza bali unateleza juu ya pini mbili, husogea upande wa ndani na kuivuta pedi ya nje ikandamize diski kutoka upande wa pili. Kinachosahaulika ni namna pistoni inavyorudi, kwa maana hakuna springi yoyote inayoirudisha. Kazi hiyo inafanywa na sili ya mpira ambayo ukiikata utaona kwamba ina pembe nne, iliyokaa ndani ya mfereji uliochongwa katika ukuta wa silinda. Pistoni inapotoka huikokota sili na kuipinda kidogo. Mguu ukiinuka, sili hujinyoosha na kuirudisha pistoni kwa sehemu ndogo ya milimita, nayo inatosha kuiacha diski izunguke huru. Sili hiyo hiyo ndiyo inayozuia mafuta yasivuje.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kwamba kalipa ndiyo yenye kosa. Inua gurudumu, mwambie mwenzako akanyage breki na kuachia, kisha ulizungushe kwa mkono. Likiwa limeshikwa, legeza nipeli ya kutolea upepo, yaani skrubu ndogo yenye tundu iliyo kwenye kalipa ya kutolea hewa iliyonaswa katika mafuta, kwa robo ya mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachiwa papo hapo, basi shinikizo lilikuwa limenaswa huko juu, ama kwa sababu hozi, mpira unaoleta mafuta kwenye kalipa, imevimba kwa ndani ama kwa sababu masta silinda, pampu kuu inayosukumwa na pedali, hairudishi mafuta, na kufungua kalipa hakutasaidia. Gurudumu likiendelea kushikwa ilhali nipeli iko wazi, lawama ni ya pistoni, ya pini au ya pedi zilizokwama kwenye braketi, yaani fremu inayozishikilia. Baada ya hapo zisome pedi zenyewe. Pedi ya ndani iliyokwisha sana huku ya nje ikiwa bado nene inaashiria pistoni isiyorudi au pini zisizoteleza. Pedi iliyolika kwa mshazari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kwa kawaida huelekeza kwenye pini moja iliyoganda.

Nunua vifaa kabla ya kushusha gurudumu, kwa sababu gari lenye kalipa mezani haliendi dukani. Unahitaji seti ya mipira ya kalipa kwa magurudumu yote mawili ya mbele, yaani sili za pistoni, mipira ya kukinga vumbi na mipira ya pini. Pia washa, yaani ringi bapa, mpya za shaba za boliti ya hozi. Grisi maalumu ya breki. Na chupa ya mafuta ya breki ambayo haijawahi kufunguliwa. Kalipa hukarabatiwa kwa jozi hata kama ni moja tu inayolalamika, kwa kuwa breki zisizo na nguvu sawa kushoto na kulia huyumbisha gari barabarani. Kuhusu mafuta, fuata maandishi ya daraja la DOT yaliyo kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya breki chini ya boneti. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja wa glikoli, ilhali DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo kabisa. Mafuta ya glikoli hunyonya unyevu wa hewa. Kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa kwa DOT 3 mpya ni nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140, na DOT 4 hushuka kutoka 230 hadi 155. Dereva anayeteremka mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, na mzigo, mguu ukiwa juu ya breki muda wote, anaweza kuzifikia nyuzi hizo, na mafuta yakichemka pedali huzama bila kushika kitu. Ndiyo maana chupa iliyokaa wazi rafuni, hata ikiwa imejaa, haifai.

Onyo moja halina mjadala: petroli, dizeli, mafuta ya taa na oili ya injini visikaribie mipira ya breki. Mipira hiyo imetengenezwa kwa aina inayovumilia glikoli lakini huvimba na kulegea ikiguswa na bidhaa za petroli. Mazoea ya kuosha kila kitu kwa petroli kwenye beseni, ambayo hayana neno kwa gia na beringi, huiua sili mpya kabla haijafanya kazi hata siku moja. Osha kwa spiriti au kwa dawa maalumu ya kusafishia breki.

Egesha gari mahali pa tambarare, weka breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi, legeza nati za magurudumu yangali chini, kisha inua kwa jeki na uliweke gari juu ya stendi. Jeki huinua tu. Haishikilii gari ambalo mtu yuko chini yake. Vumbi la pedi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbesto. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa. Fanya upande mmoja hadi mwisho kabla ya kuuvuruga wa pili, ili uwe na kalipa nzima ya kutazama unaposahau kipande kilikaa vipi, isipokuwa katika hatua moja nitakayoieleza sasa hivi.

Hatua hiyo ni kutoa pistoni. Gereji zenye kompresa hupenda kuitoa kwa upepo, na hapo ndipo vidole hupotea. Piga hesabu: pistoni yenye kipenyo cha milimita 50 ikipokea upepo wa bari 7 husukumwa kwa nguvu ya takriban niutoni 1,370, sawa na uzito wa kilo 140, na ikiwa imeganda haitoki polepole, bali hung'ang'ania kisha hufyatuka. Njia iliyo bora, ambayo pia ina nguvu zaidi kwa pistoni iliyokwama, ni kutumia breki za gari lenyewe kabla hozi haijafunguliwa. Fungua boliti za pini, toa kalipa kwenye diski, toa pedi, weka kipande cha mbao ndani ya kalipa mbele ya pistoni, kisha mwambie mwenzako akanyage pedali taratibu huku ukiangalia pistoni ikitoka. Iache ikaribie mwisho bila kudondoka. Sasa ifunge kalipa hiyo juu kwa waya kwa muda, mbao ikiwa bado inaizuia pistoni isitoke zaidi, uende upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Ukiitoa kabisa ya kwanza kabla ya kuisogeza ya pili, mafuta yatamwagika na hutakuwa na shinikizo la kusukuma iliyobaki. Katika zoezi lote hili, weka kibao chini ya pedali ili isifike sakafuni, maana masta silinda ya zamani ina kutu na uchafu katika sehemu ambayo sili zake hazifiki kila siku, na ukizilazimisha kupita hapo utazirarua.

Pistoni zote mbili zikishasogea, legeza boliti ya hozi, ziba mwisho wa hozi kwa kizibo safi cha mpira na uifunge juu kwa waya. Usiibane hozi kwa plaizi, kwani tabaka lake la ndani hupasuka na kuwa kizuizi cha mafuta, nawe utakuwa umetengeneza ule ugonjwa uliouondoa katika uchunguzi. Wala kalipa isining'inie kwenye hozi hata kwa dakika moja. Mafuta yatakayodondokea rangi ya gari yaoshwe kwa maji mara moja, kwa sababu huibambua.

Kalipa ikiwa mezani, vuta pistoni kwa mkono, ondoa ringi ya waya inayoshika mpira wa vumbi, utoe mpira, kisha utoe sili kutoka kwenye mfereji wake kwa njiti ya mbao au ya plastiki. Bisibisi ya chuma huacha mkwaruzo kwenye ukingo wa mfereji, na mafuta hupita hapo.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi hupita haraka. Elekeza mwanga wa tochi ndani ya mfereji wa sili. Katika kalipa iliyofanya kazi miaka mingi, hasa ukanda wa pwani ambako hewa ina chumvi, utaona ganda la kahawia, au jeupe kama kalipa ni ya alumini, limejikusanya kwenye kitako cha mfereji nyuma ya mahali sili ilipokaa. Ganda hilo huisukuma sili kuelekea katikati. Nafasi kati ya sili na pistoni hupungua, pistoni hubanwa, na sili isiyo na nafasi ya kupinda haiwezi tena kuirudisha. Ukiweka sili mpya juu ya ganda lile lile, breki inaweza kushika zaidi kuliko awali, kwa sababu sili mpya ni nene na imara kuliko ile iliyochakaa, na ndipo utasikia watu wakisema seti ya mipira waliyouziwa ilikuwa feki. Pengine ni kweli, lakini tazama mfereji kwanza.

Safisha mfereji kwa subira. Lainisha ganda kwa spiriti, ulikwangue kwa njiti ya mianzi iliyochongwa mraba ili iingie hadi kwenye pembe, kisha umalizie kwa brashi ndogo ya shaba nyeupe au mswaki mgumu. Lengo ni kuondoa uchafu pasipo kuondoa metali; pembe za mfereji zimepimwa, na mtu anayezichimba kwa kifaa cha mashine hubadilisha namna sili inavyopinda. Ukipitisha ncha ya njiti kwenye mzunguko mzima, ikapita laini bila kukwama popote, umemaliza. Fanya hivyo pia kwenye mfereji wa mpira wa vumbi, kwani mpira usiokaa sawa huingiza maji na tope, na kutu huanza upya. Mwisho suuza kalipa kwa spiriti, pitisha upepo mkavu katika tundu la hozi na la nipeli ukiwa umevaa miwani, na uiache ikauke.

Kuhusu kipi kinatupwa na kipi kinaokolewa, watu hukosea kwa kuogopa silinda na kuisamehe pistoni. Katika kalipa ya namna hii sili imekaa ndani ya mwili wa kalipa, na uso inaouziba ni wa pistoni. Kwa hiyo doa dogo la kutu kwenye ukuta wa silinda, nje ya mfereji, linaweza kung'arishwa kwa msasa laini sana uliolowanishwa mafuta ya breki na likavumiliwa, lakini shimo dogo kwenye kromu ya pistoni, mahali sili inapopita, halivumiliki. Pitisha ukucha juu ya pistoni yote: ukucha ukikwama, pistoni hiyo haifai, na msasa hautaiokoa kwa kuwa utaondoa kromu iliyobaki. Pistoni mpya huuzwa peke yake kwa modeli nyingi. Ukiikosa, kalipa ya mtumba kutoka Kirinyaga Road mjini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam ni msaada, mradi uifungue na kuikarabati kama ulivyofanya hii, kwa sababu haina historia unayoijua.

Nawa mikono kabla ya kuunganisha. Loweka sili mpya katika mafuta safi ya breki, itie kwenye mfereji, na uizungushe kwa kidole kuhakikisha haikujisokota. Paka mafuta hayo kwenye pistoni pia. Mpira wa vumbi huvalishwa kwa mpangilio unaotofautiana kulingana na kalipa: katika baadhi huvalishwa pistoni kwanza, katika nyingine hukaa kwenye kalipa kwanza na kushikwa na ringi ya waya, angalia ule wa upande ambao hujaufungua. Sukuma pistoni kwa vidole gumba viwili, ikiwa imenyooka kabisa. Inapaswa kuingia kwa ukinzani wa wastani na sawasawa hadi mwisho. Ikigoma, itoe uanze tena. Anayechukua nyundo au jiliwa katika hatua hii huikata sili bila kujua, na atajua siku ya kwanza ya mvua kubwa.

Pini za kuteleza zinastahili uangalifu uleule ingawa ni kazi ya dakika chache. Zisafishe pamoja na matundu yake, na zile zilizoshikwa na kutu zibadilishwe. Mara nyingi moja kati ya hizo mbili ina kifuko kidogo cha mpira kwenye ncha na ina tundu lake maalumu, kwa hiyo usizibadilishane. Paka grisi maalumu ya breki, ya glikoli yenye sabuni ya lithiamu au ya silikoni, kwa tabaka jembamba. Grisi ya beringi huvimbisha mpira, na grisi nyingi kupita kiasi hunasa hewa ndani ya tundu ikaizuia pini isifike mwisho. Kwenye braketi, ondoa vibanio vya pedi na ukwangue kutu iliyo chini yake kwa brashi ya waya, kwa kuwa kutu hiyo huviinua na kuzibana pedi. Diski nayo ipimwe unene. Kiwango cha chini huwa kimechapwa kwenye diski yenyewe, na iliyo chini ya hapo haisamehewi.

Unaporudisha kalipa, hakikisha nipeli ya kutolea upepo iko juu. Kalipa za kushoto na kulia hufanana, na zikibadilishana nafasi hufungika bila tatizo, lakini nipeli hubaki chini na hewa iliyo juu haitoki hata ukitumia lita nzima ya mafuta. Weka washa mpya za shaba pande zote mbili za boliti ya hozi, na angalia hozi isiwe imejisokota magurudumu yanapokatwa kushoto na kulia. Kwa magari mengi madogo ya Toyota, boliti za pini hukazwa kwa Nm (niutoni mita) 34 hivi na nati za magurudumu kwa Nm 103, huku boliti za braketi zikihitaji nguvu kubwa zaidi. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Nipeli ni ndogo na ina tundu ndani yake, hivyo hukatika kirahisi mikononi mwa mtu mwenye spana ndefu.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana. Jaza kopo, chomeka mrija wa plastiki unaoonyesha ndani kwenye nipeli, na mwisho wake uzame katika chupa yenye mafuta safi. Mwenzako akanyage taratibu na kushikilia; wewe fungua nipeli, ifunge kabla pedali haijafika kwenye kibao, ndipo aachie. Mpangilio huu usivurugwe, kwa maana akiachia nipeli ikiwa wazi, mfumo hunyonya hewa. Katika magari yetu yenye usukani kulia, masta silinda iko upande wa kulia, kwa hiyo anza na gurudumu la mbele kushoto ambalo liko mbali zaidi, kisha la kulia. Mafuta yaliyobaki kwenye mfumo yakiwa yamegeuka rangi ya chai nzito, yatoe yote, ukianza na la nyuma kushoto, isipokuwa kitabu cha gari kikielekeza vingine. Kopo lisishuke chini ya alama ya chini hata mara moja. Ukilisahau likakauka, hewa huingia hadi masta silinda nawe huanza upya.

Pedali ikiwa ngumu na haizami ukiishikilia kwa nguvu kwa nusu dakika, kagua nipeli, boliti ya hozi na mipira kwa kitambaa kikavu kutafuta unyevu. Kisha endesha polepole mahali pasipo na magari, ukijaribu breki kwa mwendo wa mtu anayetembea kabla ya kuingia barabarani. Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa kwa kupunguza mwendo mara kadhaa kutoka kilomita 50 kwa saa hadi karibu 10, bila kusimama kabisa na kwa kuziachia zipoe kati ya mara moja na nyingine. Ukirudi, sogeza kiganja karibu na rimu zote mbili za mbele bila kuzigusa. Joto liwe sawa. Ikiwa upande mmoja bado una joto kali na ulishajiridhisha na mfereji, pistoni na pini, rudia jaribio la nipeli, na lisipokupa jibu lililo wazi, badilisha hozi ya upande huo, kwani hozi inayoonekana nzima kwa nje inaweza kuwa imeziba ndani na kunasa shinikizo muda huu breki ikiwa ya moto, kisha ikaliachia ikipoa.